Jinsi ya kukisikiliza Kiswahili cha nyumbani kwenu kwa sikio la isimu (unahitaji simu tu)

Watu wakisikia umesoma isimu, yaani sayansi ya lugha, swali la kwanza ni "kwahiyo we unajua lugha ngapi", afu baada ya hapo wanaanza kuongea kwa uangalifu kama wako kwenye usaili, wanaogopa utawakosoa. Kumbe ni kinyume kabisa. Isimu ikikuingia inakutoa ule ugonjwa wa kukosoa watu, na ikikuingia zaidi inakuvuruga hata yale majibu rahisi ya "sisi kwetu tunaongea hivi, wale wanaongea vile". Na huhitaji kwenda chuo kulionja hili.

Tafuta mtu mmoja wa nyumbani, mzazi, bibi, mjomba, yule ambae Kiswahili chake mmeshazoea kukitania. Muombe ruhusa kabla hujabonyeza kitufe, usirekodi kwa siri hata kama ni mama yako mzazi. Afu tafadhali usimwambie "haya sema maneno ya Kiswahili", atakupa Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwanaisimu mmoja wa Marekani, William Labov, alihangaika sana na hili, maana unataka kujua watu wanaongeaje wakiwa hawasikilizwi, na huwezi kujua bila kuwasikiliza. Moja ya dawa zake ilikuwa kumuuliza mtu kama alishawahi kunusurika kufa. Mtu akishaanza kusimulia gari lilivyopinduka au mto ulivyotaka kumbeba anasahau kabisa kuna simu mezani. Kwa wazee wetu hata stori ya mahari inatosha, hasa kama kulikuwa na ugomvi ndani yake.

Dakika chache tu za stori tamu zinatosha. Sasa vaa spika za masikioni uandike unachosikia, sio unachojua kinatakiwa kuandikwa. Hapa ndo wengi wanafeli, maana mkono unasahihisha wenyewe. Kasema "kalibu", andika kalibu. Kasema "habali", iache hivyo hivyo.

Afu kaa na karatasi yako utafute mpangilio. Chukua hii ya r na l maana ndo inachekwa kuliko zote. Kisukuma hakina r. Kikurya hakina l, na Kikuyu cha Kenya vilevile. Kwahiyo mzee wa Kisukuma anakwambia "balabala" na mzee wa Kikurya anakwambia "kurara", na wote wawili wanafata sheria ambayo hawajawahi kuisoma popote. Hakikisha mwenyewe: zungushia kila mahali palipotakiwa kuwa na r, angalia katokea nini. Ikiwa zote zimekuwa l bila kukosa hata moja, huo uzembe uko wapi hapo? Ila ukikuta mtu huyo huyo anasema "rakini" badala ya lakini, simama hapo kidogo. Hiyo r haijatoka kwenye Kisukuma hata kidogo, imetoka kwenye kuchekwa. Mtu kasahihishwa darasani, katanuliwa meno na wenzake mpaka akaanza kuweka r hata pasipohitajika ili awe salama. Mi kwangu hiyo r moja ina stori nyingi kuliko yote mengine aliyosema.

Hatua inayofuata ni kupanga maneno ya lugha tofauti kwenye mstari mmoja, na hii ndo naipenda kuliko zote. Tumia maneno ya mwili na ya kazi za kila siku. Macho: Kimvita cha Mombasa ni mato, Kigiriama, lugha ya pwani ya Kenya, ni matso. Kucheka: Kimvita kuteka, Kigiriama kutseka. Unaona? Ch ya Unguja ni t ya Mombasa ni ts ya Wagiriama, na haibahatishi. Sasa jaribu kutema, kama kutema kuni. Kikuyu wanasema gũtema, Kinyarwanda gutema. Hiyo g imetoka wapi? Usijibu haraka, weka na kula pembeni: Kikuyu kũrĩa, Kinyarwanda kurya, hapo k imebaki. Shika koo lako useme "t" tupu bila irabu, koo limetulia, afu vuta "rrr", koo linatetemeka. Basi kwenye lugha hizi mbili, silabi inayofuata ikianza na sauti ya kutulia kama t au k nyingine, k ya mwanzo inageuka g. Wataalamu wanaiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyefanya kazi Unyamwezi. Hata jina Gĩkũyũ lenyewe limepitia humo humo, mwanzo wake ni kĩ ile ile ya kĩrĩma, yaani mlima, ila imekutana na k mbele yake ikageuka. Mtu wa Nyeri na mtu wa Kigali hawajawahi kukaa kikao kupanga hilo.

Ukishafanya hivi hutaweza tena kusema Kiswahili cha Mombasa kimeharibika. Kimvita kilikuwa na washairi wake, Muyaka bin Haji alikuwa anatunga karne ya 19, lakini mwaka 1928 wakoloni wa Kiingereza wakakaa mkutano wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mkutano wenyewe ulifanyika hapo hapo Mombasa, sijui wenyeji walijisikiaje. Upepo ungevuma upande mwingine sahivi walimu wangekuwa wanaweka kosa jekundu kwenye "macho".

Baada ya hapo jigeukie mwenyewe. Fungua WhatsApp, chukua voisi noti uliyomtumia bosi, nyingine ya mama, nyingine ya mshikaji wa zamani, ziandike zote neno kwa neno. Utashangaa, na pengine utaona aibu, vumilia. Labov alichapisha mwaka 1963 utafiti wa kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, akakuta waliokipenda kisiwa na kutaka kubaki ndo walikuwa wanazivuta irabu fulani kienyeji zaidi, huku watalii wa kiangazi wamejaa kila kona. Sasa angalia zako, ni nani unamvutia lafudhi na nani unamfichia. Swali la "ipi ndo mimi halisi" mi naona ni swali bovu, liache.

Usije ukaanza kubashiri makabila ya watu kwa lafudhi kwenye daladala. Mtoto wa Kichaga aliyekulia Mwanza anaongea kama watoto wa jirani zake, utaumbuka.

Faili zako zipe jina linaloeleweka, nani, wapi, tarehe gani, na kopi mpe mwenye sauti. Afu mrekodi mdogo wenu wa mwisho akisimulia stori ile ile ya bibi, ziandike mbili hizo pembeni kwa pembeni, uanze kuhesabu r upya.