Kukata upinde mpole kwenye kichwa cha kitanda: ufito kwanza, jigso baadaye

Mteja akitaka kitanda cha 5 kwa 6 chenye kichwa kilichopinda kidogo juu, mafundi wengi huchora kwa kukisia, hukata, halafu hupambana na msasa hadi jioni. Juzi nimemsaidia kijana aliyekwama hapo hapo. Upinde wake ulikuwa na nundu mbili, na kila akipiga msasa nundu zinazidi kung'aa. Jigso yake, yaani msumeno wa umeme wa kukatia mipinda, ilikuwa nzima. Mstari ndio ulikuwa mbovu.

1. Patani

Patani ni kiolezo cha kuhamishia mstari kwenye mbao. Usichore moja kwa moja kwenye mninga, mbao ni ghali. Chukua hadibodi ya urefu wa futi 7, utaikata baadaye. Weka alama mbili za mwisho zilizoachana futi 5, na ya kilele katikati. Kilele kikipanda inchi 3 kinatosha.

2. Ufito

Hapa usiwe na haraka. Ufito ni ukanda mwembamba wa mbao utakaoupinda ili uwe rula ya kuchorea. Chana wa futi 7, upana inchi 1, unene milimita 5 au 6. Usiokote tu mabaki chini ya meza. Nyuzi ziwe zimenyooka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na kifundo, unene uwe sawa kote. Palipo pembamba patapinda zaidi, penye kifundo patagoma, na nundu unayo kabla hujawasha mashine.

Piga misumari mitatu kwenye alama zako, yote iwe upande wa ndani wa ufito, yaani chini ya upinde. Kisha vuta chini ncha mbili zinazozidi, uzizuie kwa misumari mingine upande wa nje. Watu huruka hili la ncha. Ukibana kwenye alama za mwisho tu, ufito unapinda sana katikati na kunyooka pembeni, na kichwa cha kitanda kinakaa kama paa la kibanda. Vuta kidogo kidogo. Ukiona ufito umeachia msumari wa katikati, umezidisha, legeza.

Chora. Halafu toa ufito, ugeuze ncha ya kulia iende kushoto, uchore tena kwa penseli ya rangi nyingine. Mistari miwili ikilaliana, ufito ni mzuri. Ikiachana zaidi ya unene wa penseli, utupe ufito huo, chana mwingine. Usijaribu kukadiria mstari wa kati kwa jicho.

Mwisho inama, jicho moja usawa wa hadibodi, utazame mstari kutokea pembeni. Nundu ambayo huioni ukisimama, hapo inajionyesha yenyewe.

3. Kata patani, ilainishe kwa tupa, hamishia mstari kwenye mbao.

4. Kukata

Uso mzuri wa mbao ulale chini, maana meno ya kawaida ya jigso hukata yakipanda na kuchanachana uso wa juu. Tumia bledi pana; nyembamba ni ya kona kali, kwenye upinde mpole inatangatanga. Swichi ya kuyumbisha bledi iweke sifuri. Kata milimita 2 nje ya mstari, wala usisukume: kwenye mbao nene bledi hupinda huko chini ambako huoni. Mwenye bendi-so (msumeno wa mkanda) aitumie, ila si lazima.

5. Kusafisha

Randa ishuke kutoka kileleni kwenda pembeni, kila upande kivyake. Ukipanda, unakwenda kinyume cha nyuzi na zinang'oka. Upinde uliozama, kama ule wa chini ya meza, ni kinyume chake: anzia pembeni, ishia katikati. Mninga una sehemu nyuzi zinageuka ghafla. Hapo weka randa pembeni, tumia tupa.

Grinda yenye msasa sitaki kuiona karibu na upinde. Ukisita nayo sekunde moja, umechimba bonde. Gundisha msasa namba 80 kwenye ukanda wa plaiwudi ya milimita 3, mrefu kama mkono, unaokubali kupinda. Chorachora ukingo wote kwa penseli, upitishe ukanda kwa urefu. Penseli inapobaki ni bonde, kwa hiyo punguza kandokando yake. Maliza na namba 120. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua.

Patani iandike "5 kwa 6" na uitundike. Ya 6 kwa 6 ichoree yake. Usiiongezee hii kipande katikati.