Mlatino wa kwanza kwao kwenda chuo Marekani: mwambie apite huku

Mlioko Marekani mnawajua hawa, mko nao darasani, wazazi wametoka Meksiko au El Salvador, baba anaezeka mapaa, mama anasafisha hoteli, chuo kwao hakijakanyagwa na mtu. Kichwa anacho, tatizo hajui mlango upi.

Kwanza ajaze FAFSA mapema, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa hela za chuo. Af aende ofisi ya TRIO pale chuoni, yaani programu za kuwasaidia wanafunzi wa kipato kidogo na wa kwanza kwao kusoma chuo, aulizie Student Support Services kwa jina, hela ni ya serikali kuu, ipo toka miaka ya 60, anapata tyuta wa bure na mshauri wa kozi. Ila hawamfuati mtu, fomu unajaza mwenyewe na nafasi chache, so aende wiki za mwanzo sio akishapigwa na hesabu.

Wengi kwenye fomu ya TRIO wanakwama kwenye kipato. Mtu anaangalia mshahara wote wa baba, anasema aah sisi tumezidi, anafunga fomu. Kumbe wanachoangalia ni kile kipato kinachokatwa kodi, yaani kwenye 1040, fomu ya kodi ya kila mwaka, ile namba inayobaki baada ya makato, na mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani! Na hata kikizidi kweli, bado anaweza kuombea kwa kuwa wa kwanza tu, yaani wazazi hawana digrii. Kaka yake kumaliza chuo hakumharibii.

Kama wazazi ni vibarua wa mashambani, wale wa kuchuma stroberi, aulize chuo kama kina CAMP, programu ya serikali kuu kwa familia za vibarua wa mashambani, inambeba mwaka wa kwanza. Watataka ushahidi wa siku 75 za kazi ya shamba ndani ya miezi 24, so risiti za malipo zisitupwe.

Akiwa komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) ya California, atafute programu inaitwa Puente. Ilianzia Chabot College, Hayward, mwaka 1981, unapewa darasa la Kiingereza, kaunsela na mentor. Kwangu mimi hii ndo bora, maana unasoma na kundi lile lile, ukipotea wanakutafuta.

Hana makaratasi? Asiguse FAFSA. California kuna sheria ya AB 540, inayomwezesha kulipa ada ya mkazi wa jimbo, na fomu yao ya Dream Act ya kuombea msaada wa hela za jimbo.

Na nyie watoto wa wakimbizi wa Kongo mlioko Texas na Kentucky, TRIO sio ya Walatino peke yao, nendeni na I-94 (karatasi ya kuingilia nchini inayoonyesha wewe ni mkimbizi) au green card.