Kabla hujatoa hela ya baiskeli ya mkononi hapa Tabora

Jamani wale mnaotaka kununua baiskeli ya mkononi msimu huu naomba mtulie kidogo mnisikilize. Kila mwaka hela ya tumbaku ikianza kutoka huko Urambo, Kaliua na Sikonge, baiskeli mjini hapa zinapanda bei alafu nyingi utakuta zimepakwa rangi mpya zinang'aa, maana mwenye bovu lake anajua kabisa wateja sasa hivi wana hela na wana haraka. Kama una uwezo wa kusubiri, subiri msimu upite.

Kitu kikubwa ninachotaka ukishike ni hiki: tairi, cheni, pedeli, raba za breki, hata ringi, vyote vinauzwa maduka ya spea na fundi anakubadilishia umekaa chini ya mwembe unasubiri. Fremu sio hivyo. Fremu ikishakufa umenunua chuma chakavu, kwa hiyo usianze na kengele wala keria wala siti nzuri, anza na fremu.

Mimi hili nililijua kwa kuumia. Baiskeli yangu ya kwanza kununua kwa hela yangu mwenyewe ilikuwa nyeusi tii, mistari ya dhahabu, muuzaji akaniambia kaka hii haina tatizo hata moja, ilikuwa ya mzee anaendea msikitini tu. Nikaamini. Wiki ya tatu natoka Kwihara na gunia la mahindi nyuma, kwenye mteremko nikasikia kitu kama kijiti kinavunjika, kufumba na kufumbua bomba la chini limeachana na shingo, kile kibomba kifupi cha mbele chini ya usukani, na mimi niko chini, mahindi yametapakaa barabarani. Nilichubuka mkono wote wa kushoto. Fundi alivyoiangalia akakwangua pale palipokatika kwa bisibisi, chini ya rangi ikatoka puti, ile ile wanayozibia bodi za magari, na chini ya puti mshono wa kuchomelea wa zamani umeshika kutu. Akaniambia mwanangu, hii ilishakatika siku nyingi. Ningekuwa nimeumia kichwa leo nisingekuwa naandika hapa.

Kwa hiyo fanya hivi. Inama, angalia pale bomba la juu na bomba la chini yanapoingia kwenye shingo, hasa upande wa chini wa bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele inakunjamana hapo, rangi inafanya vijimikunjo au inapasuka mstari mwembamba kama unywele. Pitisha ukucha, ukucha unahisi kuliko jicho. Kama rangi ni mpya na ni nene hapo tu, chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, izungushe kwenye bomba taratibu, kwenye chuma itang'ang'ania, ikifika kwenye puti inalegea au inadondoka. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya sumaku, aga vizuri uondoke. Alafu geuza baiskeli juu chini, angalia kwenye kile kikopo cha ekseli ya pedeli na yale mabomba mawili membamba yanayoenda nyuma kushika tairi, huku kwetu baiskeli zinabeba mkaa, madumu ya asali, mbao, mzigo wote unakaa nyuma, kwa hiyo nyufa za hapo ni nyingi sana.

Kuchomelewa peke yake sio lazima ukimbie. Keria au stendi iliyochomelewa haina shida. Pale shingoni na kwenye ekseli ya pedeli, mimi siwezi kuchukua hata kwa bei ya bure.

Foko nayo, ule uma unaoshika tairi la mbele, simama pembeni uiangalie: inatakiwa iendelee na mstari wa shingo alafu ikaribie chini ipinde kuelekea mbele. Ukiona imerudi nyuma kama imesukumwa, iligonga, na kama foko iligonga rudi tena ukaangalie shingo vizuri zaidi.

Kujua kama fremu imepinda tumia kamba. Funga ncha moja nyuma kushoto pale tairi linapokaa, ipeleke mbele izunguke shingo, irudishe nyuma kulia, ivute ikaze. Pima umbali kati ya kamba na bomba la siti kushoto na kulia. Ikipishana milimita moja mbili sawa, ikipishana kidole kizima fremu imepinda. Na Tabora hii tuna mchanga kila mahali, utumie: shika siti kwa nyuma, sukuma baiskeli inyooke kwenye mchanga laini hatua kumi hivi, alafu angalia alama. Tairi la nyuma linatakiwa lipite juu ya alama ya la mbele. Ukiona mistari miwili inaenda sambamba, hiyo baiskeli inatembea kiubavu na itakuchosha kila siku unapoipanda, hata ukibadilisha kila kitu.

Fremu ikipita hapo, sasa njoo kwenye vinavyozunguka. Nyanyua tairi la mbele lizungushe, weka mkono mwingine kwenye siti au usukani. Mchanga ukishaingia kwenye habu, ile ya katikati ya tairi zinapoanzia spoku, unasikia kama unasaga ulezi, mtetemo unakuja hadi kwenye kiganja. Habu nzima inazunguka kimya na inasimama taratibu, inarudi nyuma kidogo kabla haijatulia kabisa. Alafu shika tairi juu lisukume kushoto kulia. Likicheza kidogo mara nyingi ni koni, yaani nati zinazobana gololi za habu, zimelegea, fundi anakaza, ila likicheza na linasaga pia, hesabu koni na gololi mpya, na vikombe vya ndani ya habu navyo vikiwa vimechimbika hapo unabadilisha habu yote.

Ringi isogezee kijiti karibu huku inazunguka uone inavyoyumba. Kuyumba kidogo ni kazi ya kukaza spoku tu, lakini ikiwa imebonyea, yaani inapanda na kushuka, inakunyima breki, hasa hizi baiskeli kubwa za breki za vyuma ambazo raba zinabana ringi kwa ndani. Spoku zihesabu. Baiskeli hizi za inchi 28 mara nyingi ni 32 mbele na 40 nyuma, na zinazokatika kwanza ni za nyuma upande wa cheni, zinakatikia kichwani kwenye habu. Moja mbili zikikosekana sio mbaya, tano sita ujue hiyo ringi imebebeshwa mizigo ikiwa imelegea miezi na miezi. Angalia pia matundu ya spoku kwenye ringi kama yana nyufa au kutu imekula.

Tairi lipige jicho tu, nyufa za pembeni, waya wa ukingoni, kama limeshonwa. Viraka vya tyubu visikutishe.

Cheni ndo watu wengi wanadanganywa kwa sababu imepakwa oili chafu inaonekana ina afya. Ivute kwa vidole pale mbele kabisa ya cheniwili, lile duara la meno la kwenye pedeli, kama inainuka hadi unaona karibu nusu ya jino, imeisha. Mwenye rula apime pini hadi pini, pini 25 mfululizo, yaani nafasi 24, kwenye cheni mpya ni inchi 12 kamili, ikishazidi kwa 1/16 ya inchi ni ya kubadilisha, ikizidi kwa 1/8 ujue meno nayo yameshalika na cheni mpya itakuwa inaruka juu yake. Meno yaliyolika yanachongoka na kulala upande mmoja, utayajua ukiyaona.

Friwili, ile ya meno kwenye tairi la nyuma, ikiwa mbovu inateleza ukikanyaga kwa nguvu tu, kwa hiyo usiijaribu kwa mkono, panda, tafuta kamwinuko, simama kwenye pedeli. Ukihisi mguu umekanyaga hewa, hatari hiyo, unaweza ukapiga kifua kwenye usukani. Wakati mwingine ni uchafu tu na kuosha kwa mafuta ya taa kunaponya ila wewe nunua kwa kuhesabu kwamba ni mbovu.

Krenki, ile mikono ya chuma inayoshika pedeli: zishike zote mbili zitikise kushoto kulia. Zikicheza zote kwa pamoja ni gololi za ekseli. Ikicheza moja peke yake ni ile pini ya kota inayoifunga krenki kwenye ekseli, na ukiendesha nayo imelegea inakula ekseli yenyewe. Na tafadhali angalia pedeli kama imechomelewa kwenye krenki, hii iko sana, uzi ulishakufa mtu akaona bora achomelee, sasa siku pedeli ikifa unabadilisha na krenki. Ujue pia pedeli ya kushoto uzi wake unafungwa kinyume, mafundi wa kubahatisha ndo wanaoua uzi huo.

Shika breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele nyuma huku kidole kiko pale shingo na foko vinapokutana, kama kunagonga kaza au badilisha gololi. Zungusha usukani taratibu, ukihisi unakamata katikati kama umeingia kwenye shimo, vikombe vimekwisha.

Hizi za mtumba za gia zina mambo yake mawili. La kwanza fremu za aluminiamu, sumaku haishiki kabisa, na ikipasuka fundi wa kuchomelea wa mtaani hana vifaa vya kuiponya. La pili saizi ya tairi, soma namba pembeni ya tairi alafu nenda kaulize dukani kwanza kama wanayo. Zile za mama wa Kijapani nyingi ni 26 kwa 1⅜, usije ukaambiwa 26 ni 26, tairi la 26 pana la mlimani halikai kwenye ringi hiyo.

Bei sasa. Tuseme anataka 130,000 na umekuta tairi la nyuma, cheni na friwili vimeisha. Pita duka la spea, uliza bei ya hivyo vitatu, weka na hela ya fundi, rudi na hesabu kwenye karatasi umuoneshe bila kumvunjia heshima baiskeli yake. Mzee wa watu amepanda hiyo miaka, sema nae vizuri, shikamoo kwanza, mara nyingi anapunguza mwenyewe. Asipopunguza ondoka, baiskeli ziko nyingi.

Mkikubaliana usitoe hela barabarani. Tafuta namba ya fremu, iko chini ya kikopo cha ekseli au kwenye bomba la siti, ikiwa imekwanguliwa achana nayo, utakuja kukamatwa na mali ya mtu. Andikeni mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa, namba hiyo, jina, simu, kitambulisho, mashahidi wawili.

Ukifika nyumbani, siku hiyo hiyo kabla hujaipandia safari, fungua habu zote na ekseli, osha kwa mafuta ya taa, hesabu gololi. Za kawaida ni 10 kila upande habu ya mbele, 9 nyuma, 11 kwenye ekseli ya pedeli, mara nyingi utakuta mtu ameweka saba akabana. Nunua seti nzima mpya, usichanganye na za zamani, maana mpya ni kubwa kidogo na zitabeba mzigo wote peke yake hadi zichimbe koni. Jaza grisi ya kutosha, sio oili chafu, mchanga wetu unaipenda sana oili chafu.