Kutoka Meza ya Habari hadi Mawasiliano na Siha: Mwongozo kwa Watangazaji wa Televisheni Uganda

Mtangazaji wa televisheni anapofikiria kuiacha meza ya habari, jambo la kwanza analolihesabu huwa ni sura yake: ni wangapi wanaomtambua akipita mtaa wa Wandegeya jijini Kampala, ni wangapi wanaomfuata mitandaoni, ni nani atakayempa kazi kwa kuwa tu anajulikana. Hesabu hiyo hudanganya. Sura husahaulika upesi, kwa sababu kiti hakikai wazi hata wiki moja na watazamaji humzoea haraka anayekikalia. Kinachobaki mkononi ni vitu viwili: ufundi wa kulichukua jambo lililojaa mafundo na kulifanya lieleweke kwa sekunde thelathini, na mwili ulioibeba kazi hiyo kwa miaka mingi, ambao mara nyingi umechoka kuliko mwenyewe anavyokubali. Nilisoma taarifa ya habari ya Kiswahili jijini Kampala kwa miaka tisa kabla ya kuhamia mawasiliano, na baadaye mafunzo ya siha kwa watu wa zamu. Mwongozo huu nauandika kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe sikuufuata: mwili uje kwanza, kisha fedha na karatasi, kisha kazi ya mawasiliano, na mafunzo ya siha yaje mwisho kabisa.

Mwili kwanza

Anayesoma taarifa ya saa nne usiku hatoki studio akiwa na usingizi. Taa kali zimemmulika, sauti ya mtayarishaji bado inamlia sikioni, na moyo haujatulia tangu habari ya mwisho ilipobadilishwa dakika mbili kabla ya kwenda hewani. Kwa miaka mingi nilikuwa najifuta poda kwa karatasi laini, napita kununua rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, ya mayai mawili, naila ndani ya gari saa sita kasoro robo, kisha najilaza na kuhesabu mbao za dari hadi saa nane. Asubuhi niliamshwa na watoto saa kumi na mbili. Nilikuwa nikiita hali hiyo bidii.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa saba, na deni la usingizi halilipwi kwa kulala Jumapili moja. Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, chukua daftari la kawaida na kwa wiki mbili uandike kila siku saa uliyolala, saa uliyoamka, vikombe vya chai na kahawa ulivyokunywa baada ya saa tisa alasiri, na hali ya sauti yako ulipoamka. Usibadilishe chochote katika wiki hizo mbili, andika tu. Daftari hilo litakuonyesha iwapo kinachokuchosha ni uandishi wa habari wenyewe au ni zamu mbaya ambayo ungeweza kuomba ibadilishwe. Nawajua wenzangu waliokimbia taaluma walipokuwa wanahitaji kuhamishiwa taarifa ya mchana tu, na hakuna aliyewauliza swali hilo mapema.

Sauti nayo ina kanuni zake. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, badala ya chupa nzima dakika tano kabla ya kipindi. Sauti ikikwaruza, inyamazishe kabisa. Kunong'ona hakuipumzishi, kwa maana kunaweza kuzichosha nyuzi za sauti kuliko kuzungumza taratibu. Ukwaruzaji ukizidi wiki tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo, na usitosheke na tangawizi na asali.

Yapo pia ya moyoni. Mwaka 2004 Dan Harris, mtangazaji wa ABC nchini Marekani, alishikwa na hofu ya ghafla akisoma habari moja kwa moja katika kipindi cha asubuhi, akashindwa kumalizia, akakirudisha kipindi kwa wenzake. Baadaye alieleza hadharani kwamba tukio hilo lilitokana na miaka ya kuripoti vita na dawa za kulevya alizokuwa akitumia kuziba pengo lililoachwa na vita hivyo. Aligeukia mazoezi ya kutuliza akili kwa kutafakari, na mwaka 2021 akaiacha televisheni ili aishughulikie kazi hiyo moja kwa moja. Namtaja kwa sababu ya urefu wa muda: kati ya siku ile na kuondoka kwake ilipita miaka kumi na saba. Shirika la Afya Duniani nalo liliuweka uchovu mkubwa wa kazini katika orodha yake ya kimataifa mwaka 2019, likiueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Ukijiona humo, tafuta msaada ukiwa bado na mshahara.

Fedha na karatasi

Hapa sitakawia, ila yafanye yote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inapanga muda wa notisi kwa kadiri ya utumishi: mwezi mmoja kwa aliyetumikia kati ya mwaka mmoja na mitano, miezi miwili kwa aliyefikisha mitano lakini hajafikisha kumi, na miezi mitatu kwa aliyefikisha kumi au zaidi. Soma mkataba wako kabla hujamwambia mtu, hasa kifungu kinachohusu kufanya kazi kwa wapinzani wa kituo na kile kinachosema picha zako za video ni mali ya nani. Kwenye akiba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mwajiri alikuwa akikuchangia asilimia 10 ya mshahara na wewe asilimia 5. Siku utakapoondoka, ile kumi inakoma, na baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe kwa hiari. Sajili jina la biashara URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na upate namba ya mlipakodi URA, mamlaka ya mapato. Fahamu pia kwamba mteja aliyeteuliwa na URA kukata kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla hujalipwa, atakukata asilimia 6 malipo yakizidi shilingi milioni 1, ila kama una msamaha wa kodi hiyo, kwa hiyo bei yako iwe imelihesabu hilo. Weka akiba ya matumizi ya miezi sita. Wateja wakubwa hulipa, lakini hulipa kwa kuchelewa.

Jambo moja halina mjadala: usichukue kazi ya mteja wa mawasiliano ukiwa bado unasoma habari zinazoweza kumhusu. Mtazamaji aliyekuamini usiku hapaswi kugundua kwamba mchana ulikuwa ukilipwa na yule uliyemsifu.

Kuingia katika mawasiliano

Watangazaji wengi hujitambulisha kwa waajiri wapya kwa kuwapa kipande cha video wakiwa mezani. Kipande hicho kinamwonyesha ofisa mwajiri jambo analolijua tayari. Anachotaka kujua ni iwapo unaweza kuandika. Chukua tangazo la aina ambayo sote tumewahi kuisikia:

«Taasisi inasikitika kuuarifu umma kwamba, kutokana na kazi za matengenezo ya miundombinu zinazoendelea, kutakuwepo na usumbufu wa muda katika utoaji wa huduma ya maji kwenye baadhi ya maeneo ya jiji.»

Sasa lisome kwa sauti kama ungelisoma hewani. Pumzi inakatika kabla hujafika kwenye maji, na mama wa Bwaise hajui kama anahusika. Msomaji wa habari aliyekomaa angeliandika hivi:

«Kesho Jumatano maji hayatatoka Bwaise na Kalerwe, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mafundi wanabadilisha bomba kuu. Tekeni maji ya kutosha leo jioni.»

Tazama kilichofanyika. Siku imekuja kwanza, mahali pakafuata, saa zikatajwa, sababu ikapewa sentensi moja fupi, na mwisho msikilizaji akaambiwa la kufanya. Huo ndio ufundi ninaousema, na taasisi nyingi zitaulipia pindi zikiuona. Tayarisha kurasa tatu za namna hiyo, kila moja ikiwa na tangazo la awali juu na lako chini: moja la huduma, moja la dharura, na moja la kuomba radhi. La kuomba radhi ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa lazima kosa litajwe kwa jina lake katika sentensi ya kwanza.

Tofauti kubwa utakayokutana nayo ni kwamba zamani ulikuwa ukiuliza maswali, na sasa utakuwa ukiyajibu, tena kwa niaba ya mtu ambaye hakukuambia yote. Kabla ya kukubali kumsemea bosi yeyote, muulize: «Mzee, siku likitokea baya, nitaambiwa saa ngapi?» Akijibu kwamba utaambiwa litakapokuwa limethibitishwa na bodi, kazi hiyo itakumaliza. Usiwatumie wenzako wa zamani kama mlango wa nyuma. Watumie taarifa iliyo safi, ifike kabla ya mkutano wao wa wahariri, iwe na namba ya simu inayopokelewa, na kisha uwaache waamue.

Kwa anayefanya kazi kwa Kiswahili, mlango Uganda ni mpana kuliko inavyodhaniwa. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wakimbizi wengi kutoka huko wanaishi katika makazi kama Nakivale na Kyangwali wakitumia Kiswahili kila siku. Tangu Ebola ilipotangazwa wilayani Mubende mwezi Septemba 2022, hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, kazi ngumu haikuwa ya madaktari peke yao. Ilibidi watu waelezwe, kwa lugha wanayoiamini, kwa nini wasimwoshe marehemu wao. Mawasiliano ya afya ndiyo daraja la kweli kati ya meza ya habari na siha, na nakushauri upite hapo hata kama nia yako ya mwisho ni kufundisha.

Kama unahitaji shahada ya juu, idara ya uandishi wa habari na mawasiliano ya Makerere ipo, na Chama cha Uhusiano wa Umma cha Uganda, PRAU, kitakukutanisha na wanaoifanya kazi hii.

Siha mwishoni

Anza na unachokijua kwa mwili wako: pumzi, sauti, usingizi wa watu wa zamu, na woga wa kusimama mbele za watu. Wanaohitaji maarifa hayo hawako hotelini. Ni wauguzi, walinzi, walimu wenye madarasa ya wanafunzi themanini, na watangazaji wadogo. Zoezi ninaloanza nalo ni hili: keti ukiweka nyayo zote mbili sakafuni, weka kiganja juu ya kitovu, vuta pumzi puani kwa hesabu ya nne hadi kiganja kisogee mbele, kisha itoe kwa hesabu ya sita ukitamka «sss» bila kukatika. Rudia mara tano. Ikikatika kabla ya sita, hesabu hadi tano. Mabega yakipanda, pumzi inaingia kifuani tu, na hapo mwambie mwanafunzi aegemee nyuma kwenye kiti ili mgongo ushikwe. Hakuna uchawi ndani yake. Pumzi ndefu ya kutoka huuteremsha mwendo wa moyo, na ndiyo niliyoitumia kila usiku muziki wa taarifa ulipokuwa ukipigwa.

Mipaka iwe wazi tangu siku ya kwanza. Wewe si daktari wala mshauri nasaha, hata kama watu wamezoea kuiamini sauti yako, na hasa kwa sababu hiyo. Usimwambie mtu aache dawa. Anayezungumzia kujidhuru, ambaye halali kwa majuma, au anayesikia asiyoyasikia mwingine, mfikishe hospitali, na Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Kampala, ipo kwa ajili hiyo. Utafuatwa pia na wauzaji wa unga na chai za kuponya kila kitu, wakitaka usome tangazo lao kwa ile sauti ya habari. Matangazo ya dawa, zikiwemo za mitishamba, yako chini ya Mamlaka ya Dawa, NDA. Nami naongeza kwamba hata penye ruhusa, kataa. Maelezo ya afya ya wanafunzi wako nayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: yaandike machache, yafungie, na usimweke mtu mtandaoni bila idhini yake iliyoandikwa.

Kabla ya kukodi ukumbi, jaribu kwa mwezi mmoja bila malipo. Mimi nilianza na watu tisa nyuma ya zahanati moja, saa moja jioni, wakati wauguzi wa mchana wanapowakabidhi wa usiku. Niliandika majina kila wiki. Wiki ya pili walikuja sita, ya tatu wakaja saba, na mmoja wao alikuwa amemleta mlinzi wa geti. Usiwaulize kama wamefurahi, kwa maana kwa adabu watasema ndiyo. Hesabu wanaorudi wiki ya tatu, na ukiona zaidi ya nusu wamerudi, hapo ndipo upange bei.