Somo: Simu imegoma kushika Wi-Fi baada ya kusasishwa? Jua kwanza inakwama wapi

Wakuu, habari za leo.

Kila toleo jipya la Android au iOS linapotoka, meza yangu hujaa. Mtu amelala simu yake nzima, ikajisasisha usiku ikiwa kwenye chaji, asubuhi Wi-Fi ya nyumbani haishiki. Wengi hunifikia wameshafuta kila kitu, picha za watoto na namba za miaka kumi, kwa kuwa kuna mtu aliwaambia dawa ni kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hilo huniuma kweli, maana simu nyingi za namna hiyo nilizozishika zilihitaji kubadilishwa kitu kimoja tu kwenye mipangilio.

Kwa hiyo ombi langu kabla hatujaanza: usibonyeze kitufe chochote cha kufuta mpaka ujue simu inakwama wapi.

Hatua ya 1: Ijaribu kwenye mtandao mwingine

Mwombe ndugu au jirani awashe hotspoti kwenye simu yake, kisha uunganishe yako. Ukimaliza, chukua simu hiyohiyo ya jirani uiunganishe na Wi-Fi yako ya nyumbani. Majibu hayo mawili ni nusu ya kazi. Simu yako ikishika hotspoti ya jirani bila shida, redio yake, yaani kipande cha ndani kinachoshika Wi-Fi, ni nzima, na ugomvi uko kati yake na ruta yako. Ikikataa kila mahali, tatizo limo ndani ya simu. Na kama simu ya jirani nayo inaingia kwenye Wi-Fi yako lakini haifungui kitu, angalia bando la ruta kwanza. Nimeona familia ikihangaika na simu jioni nzima, kumbe kifurushi kiliisha mchana.

Hatua ya 2: Zima na uwashe vyote viwili

Zima simu kabisa, si kufunga kioo. Ruta ichomoe kwenye umeme, subiri nusu dakika, irudishe. Ikishawaka, tazama tarehe na saa ya simu. Saa ikiwa imerudi nyuma au imeenda mbele sana, simu itashika Wi-Fi lakini tovuti na programu zitakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vya usalama vinavyolinda mawasiliano vina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Hatua ya 3: Soma simu yenyewe inasema nini

Simu inaposhika Wi-Fi hupita vituo kadhaa. Inawasha redio, inaliona jina la mtandao, inakubaliana na ruta juu ya nenosiri, inapewa anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao huo, ndipo inatoka kwenda intaneti. Maneno yanayoonekana chini ya jina la mtandao hukuambia imeishia kituo gani.

Jina lenyewe likiwa halionekani, mara nyingi ni suala la masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha kwa GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ina kasi lakini huchoka mapema ikikutana na kuta za tofali, ya 2.4 hufika mbali zaidi. Sogea karibu na ruta. Ukiliona jina ukiwa karibu na ukalipoteza ukiwa chumbani, umeshapata jibu. Kama hata hapo halionekani, ingia kwenye ruta (namna ya kuingia iko mwisho wa aya inayofuata) uangalie chaneli ya GHz 2.4, yaani njia inayorushia. Simu iliyowekwa katika mipangilio ya Marekani kwa kawaida haizioni chaneli 12 na 13, kwa hiyo chagua 1, 6 au 11.

Ikiandika kuwa inathibitisha, kisha inarudi kusema "imehifadhiwa", kilichogoma ni nenosiri au aina ya ulinzi. Gusa jina la mtandao, chagua "Sahau", uliandike nenosiri upya kwa mkono, herufi kubwa kubwa na ndogo ndogo. Lakini soma Hatua ya 4 kabla hujasahau mtandao wowote wa ofisi, chuo au hosteli. Ruta za zamani zilizobaki kwenye aina za zamani za ulinzi, WEP au WPA ya mwanzo, nazo huleta shida na simu mpya. iPhone tangu iOS 14 huonya chini ya jina kwamba ulinzi ni dhaifu. Hamishia ruta kwenye WPA2, ulinzi uliofuata. Anwani ya kuingilia kwenye ruta, unayoiandika kwenye kivinjari, iko kwenye stika ya nyuma au ya chini, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1.

Ikizunguka kwenye kupata anwani ya IP, au ukifungua maelezo ukaona anwani inayoanza na 169.254, basi ruta haikuipa simu anwani na simu imejibunia yake. Ruta ndogo za mfukoni hupokea vifaa vichache kwa wakati mmoja. Toa kifaa kimoja ujaribu tena.

Ikiandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti" huku simu nyingine zinaperuzi vizuri, zima VPN kama unayo, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Kisha, kwenye Android 9 na kuendelea, tafuta DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao; DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Kama kuna jina la seva limeandikwa pale na seva hiyo haifikiki, simu itakaa imeunganishwa bila kufungua kitu. Irudishe kwenye "Otomatiki".

Hatua ya 4: Anwani ya MAC, hapa ndipo wengi huumia

Naomba mnisikilize vizuri hapa.

Kila simu ina namba ya kuzaliwa ya redio yake ya Wi-Fi, inayoitwa anwani ya MAC, jozi sita za tarakimu na herufi. Zamani simu ilitumia namba hiyo moja kila ilipokwenda, na wenye mitandao wakaizoea. Wapo wanaoruhusu tu namba walizoziandikisha. Kisha Android 10, mwaka 2019, na iOS 14, Septemba 2020, zikaanza kuipa simu namba ya kubuni kwa kila mtandao, ili wafanyabiashara na wengine wasiweze kufuatilia mtu anavyozunguka mjini. Ni jambo jema kwa faragha yako. Ila ruta inayokufahamu kwa namba ya zamani itakuona mgeni.

Kuna hosteli moja ya wanafunzi ninayoitunzia mtandao. Msimamizi ana daftari kubwa la mistari, kila mwanafunzi ameandikiwa jina, chumba na anwani ya MAC kwa kalamu ya bluu. Kijana mmoja alisasisha simu yake na Wi-Fi ikaendelea kufanya kazi, ila iliyumba kidogo. Rafiki akamshauri asahau mtandao na kuunganisha upya. Tangu dakika ile ikakataa kabisa. Nilipofungua simu na kuilinganisha na daftari, namba hazikufanana hata jozi moja. Mtandao aliokuwa ameuhifadhi kabla ya toleo jipya ulikuwa bado unatumia namba halisi. Alipousahau na kuujiunga upya, simu ikachukua namba ya kubuni. Dawa aliyopewa ndiyo iliyomfungia nje.

Unaweza kuitambua namba ya kubuni kwa macho tu. Tazama tarakimu au herufi ya pili katika jozi ya kwanza. Ikiwa ni 2, 6, A au E, mfano DA au 3E, hiyo ni ya kubuni. Msimamizi wetu sasa anaikagua kabla hajaiandika daftarini.

Kwenye Android gusa jina la mtandao, ingia sehemu ya faragha, chagua "Tumia MAC ya kifaa". Kwenye Samsung tafuta aina ya anwani ya MAC ndani ya maelezo ya mtandao huohuo. Kwenye iPhone gusa alama ya i kando ya jina la mtandao, kisha uzime Private Wi-Fi Address. Fanya hivyo kwa mtandao huo mmoja unaouamini, kwingine kote acha namba ya kubuni ikulinde.

Hatua ya 5: Kuweka upya mipangilio ya mtandao

Hii ni ya mwisho, na si sawa na kurudisha simu kiwandani. Picha, namba na ujumbe hubaki. Kinachofutwa ni mitandao ya Wi-Fi uliyohifadhi na maneno yake ya siri, vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha, VPN, na mipangilio ya data ya laini. Kwa hiyo andika pembeni maneno ya siri unayoyahitaji, na kama APN ya laini yako (mpangilio unaoiunganisha laini na intaneti) uliiweka kwa mkono, inakili pia.

Android nyingi: Mipangilio, Mfumo, kisha chaguo za kuweka upya. Samsung iko kwenye usimamizi wa jumla. iPhone: Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, halafu Reset Network Settings. Hakikisha umegusa hiyo hasa, maana chini yake kidogo kuna ya kufuta kila kitu.

Na kuna siku kosa si lako wala la ruta. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1, wenye iPhone 6 wengi wakapoteza mtandao wa simu; toleo likaondolewa siku hiyohiyo na 8.0.2 likaja kesho yake. Mwaka 2021 iligundulika kwamba iPhone ikijiunga na Wi-Fi yenye jina %p%s%s%s%s%n, Wi-Fi yake inazimika na haiwashiki tena. Kuweka upya mipangilio ya mtandao kuliirudisha, na iOS 14.7 ikaziba tundu hilo. Kwa hiyo kila baada ya siku chache angalia kama kuna sasisho dogo la marekebisho. Kama Wi-Fi imekufa kabisa, iPhone inaweza kusasishwa kwa kebo kupitia kompyuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Shikamoo mwalimu. Yangu haifiki hata hatua ya tatu. Kitufe chenyewe cha Wi-Fi kimekuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Fundi anataka kuipasha kwa hewa ya moto.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni redio yenyewe kutoamka. Weka upya mipangilio ya mtandao, kisha angalia anwani ya MAC kwenye "Kuhusu simu". Ikiwa haionyeshi kitu, chipu ya Wi-Fi haisomeki. iPhone 4S ilisifika kwa ugonjwa huu miaka ya iOS 6 na 7, watu wakawa wanazipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, na wengine kuziweka kwenye friji. Zilizoamka nyingi zililala tena. Usasishaji huipasha simu joto kwa muda mrefu, na muungio uliokuwa umelegea unaweza kuachia wakati huo. Kabla ya kukubali, muulize fundi kama atabadilisha chipu au atapasha tu. Kama ni kupasha tu, baki na pesa yako.

Mwanafunzi, Dodoma: Kaka, Wi-Fi ya chuo inayotaka jina na nenosiri la mtu binafsi sasa inaniuliza cheti na kikoa. Zamani nilikuwa nachagua "Usithibitishe" naingia. Chaguo hilo silioni.

Jibu: Limeondolewa, mdogo wangu. Lilianza kutoweka kwenye simu za Pixel kwa sasisho la Android 11 la Desemba 2020, wengine wakafuata. Sababu ni nzito: bila kuthibitisha cheti, mtu anaweza kusimamisha ruta yenye jina la chuo chenu na kukuibia nenosiri. Kwenye cheti chagua "Tumia vyeti vya mfumo", na kwenye kikoa, yaani jina la seva ya chuo, andika kile utakachopewa na ofisi ya TEHAMA ya chuo. Usikibuni. Kama chuo kinatumia cheti chake chenyewe, waombe faili lake ulisakinishe.

Mama wa watoto watatu, Eldoret: Habari ndugu. Binti yangu ana iPhone 13, mimi nina simu ya zamani ya Android. Tangu asasishe yake sioni hotspoti yake kabisa, na simu zingine zote za nyumba zinaiona.

Jibu: Habari nzuri mama, pole kwa usumbufu. iPhone 12 na zinazofuata huweza kurusha hotspoti kwa GHz 5, na simu nyingi za zamani zinasikia GHz 2.4 pekee. Mwambie binti afungue Personal Hotspot awashe Maximize Compatibility. Akiwa na skrini hiyo wazi, tafuta jina upya kwenye simu yako.

Mwanachama, Zanzibar: Mimi Wi-Fi inashika vizuri ila ujumbe wa WhatsApp hauingii mpaka niwashe kioo. Imeanza baada ya sasisho.

Jibu: Wi-Fi yako haina neno. Toleo jipya mara nyingi hurudisha ukali wa kuokoa betri, simu ikawa inazilaza programu kioo kikizimika. Ingia kwenye Mipangilio, programu, WhatsApp, betri, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Angalia pia kama hali ya kuokoa betri imewaka bila wewe kujua.

Mama, Eldoret, tena: Imeonekana! Lakini sasa binti anasema intaneti yake imepungua kasi.

Jibu: Ni kweli mama, GHz 2.4 ina kasi ndogo. Awashe Maximize Compatibility unapohitaji kuunganisha, ukimaliza aizime.