Sola ya setilaiti inayonyumbuka: daraja livutike, seli itulie

Seli za sola za tabaka tatu zilizojengwa juu ya jerimani (elementi ngumu, germanium) hupasuka kama kigae ukizikunja. Basi usizikunje. Kila seli iwe kisiwa, na kunyumbuka kubebwe na madaraja ya shaba yaliyo kati yao.

Anza na volti. Betri ya seli 8 za lithiamu ikijaa ina 33.6 V; ongeza kama 1 V inayopotea kwenye diodi na nyaya. Seli ya sola hutoa takriban 2.4 V kwenye 28 °C, ila hupungua 6 hadi 7 mV kwa kila digrii. Ikifika 70 °C imebaki 2.1 V, na kwa sababu ya mionzi hesabu 2.0 V. Unahitaji seli 18 mfululizo. Anayegawanya kwa 2.4 atapata 15, na betri yake haitajaa.

Sasa pengo. Utando unaobeba seli, wa polimaidi (plastiki inayostahimili joto, polyimide), husinyaa sehemu 20 hivi kwa milioni kwa kila digrii, jerimani 6 tu. Kutoka +80 hadi −80 °C, kwa seli ya 80 mm, tofauti ni karibu 0.18 mm, na yote huangukia pengoni. Kwenye mzunguko wa chini kuizunguka Dunia jua huzama mara 16 hivi kwa siku, yaani zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka. Kiungo kilichonyooka hakifiki mbali.

Kwa hiyo kata shaba ya mikroni 18 kwa umbo la mawimbi, uibane kati ya tando mbili za mikroni 25, unene sawa juu na chini, ili ikae pale ambapo mkunjo hauvuti wala haukandamizi. Daraja lisiguswe na gundi. Linapoingia kisiwani lipanue, kona ziwe za mviringo. Hapo ndipo hukatika. Madini ya fedha yakiwa wazi usitumie: oksijeni ya atomi moja moja, iliyopo kwenye mzunguko wa chini, huyala.

Gundi ya kubandika seli kwenye utando ni silikoni, lakini si yoyote: nyingi za kawaida hukakamaa karibu na −45 °C. Chagua yenye fenili (kundi la kikemikali, phenyl), inayopoteza chini ya 1% ya uzito kwenye ombwe.

Mihimili inayoshikilia utando nayo ikinge na joto, isijipinde. Mabawa ya kwanza ya sola ya darubini ya angani Hubble, yaliyokunjuliwa kama mkeka, yalitikisa darubini kila ilipoingia au kutoka kivulini.

Baada ya majaribio ya joto na baridi, zima taa, pitisha mkondo kwenye mfululizo. Seli isiyo na ufa huwaka wekundu hafifu kama kaa la moto. Kipande kilichobaki cheusi kimepasuka.