Hifadhi namba kwa kazi, si kwa jina tupu

Ukivuka na pantoni kutoka Kivukoni kwenda Kigamboni, aliyesimama pembeni yako anaweza kuwa fundi aluminiamu, muuza vifaranga, au mhasibu wa kampuni inayotafuta mama lishe. Hutajua mpaka umsalimie. Ila usianze na biashara yako. Anza na foleni, joto, bei ya nyanya, kisha uliza: "Na wewe unajishughulisha na nini?" Wengi hufurahia swali hilo kuliko kupewa kadi, ambayo mara nyingi huishia kufungiwa karanga.

Akikupa namba, mbipu palepale ili naye abaki na yako. Halafu iandike kwa kazi na eneo: "Vifaranga Mjimwema, pantoni". Baada ya miezi mitatu "Juma 4" hatakusaidia kitu.

Jioni mtumie ujumbe mfupi unaotaja mlipokutana, basi. Picha ishirini za bidhaa usiku huohuo ndizo zinazofanya watu wakublok. Ukisikia jirani anatafuta vifaranga, mwelekeze kwake hata kama wewe unashona sare za shule. Januari akiulizwa fundi wa sare, atakutaja.